Kigango na Bei Yake: Uadilifu katika Soko la Sanaa

Soko la sanaa hukadiria bei ya kazi kwa kuzingatia jina la msanii, umri wa kazi, uhaba wake na historia ya umiliki wake. Aghalabu historia hiyo ikijulikana bayana, bei hupanda. Makala haya yanachunguza kigango cha Wamijikenda, ambacho biashara yake ilinawiri kwa kufutwa historia.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu inayochongwa na kusimikwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, hasa miongoni mwa Wagiriama. Kila kigango ni cha marehemu mahususi, na jamaa zake humtambikia hapo. Kikishasimikwa haking'olewi, hata ukoo ukihama. Wafanyabiashara walijitetea kwa desturi hiyo hiyo: eti kilichoachwa hakina mwenyewe. Utetezi huo ni dhaifu mno. Kaburi lisilopaliliwa haliwi mali ya mpita njia.

Vigango vingi viliibwa, vikapitia maduka ya vinyago (jina ambalo peke yake lilitosha kuvivua hadhi), kisha vikavuka hadi Marekani, ambako kimoja kiliweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Jina la marehemu na la mchongaji yalipotelea njiani. Upungufu huo uliirahisishia biashara njia, kwa sababu kitu chenye jina kina wa kukidai. Aidha, sheria za kodi za Marekani humwezesha anayelitunuku jumba la makumbusho kazi ya sanaa kupata nafuu ya kodi kulingana na thamani yake sokoni. Hivyo basi, makadirio ya juu yalimfaa mnunuzi hata alipokitoa kigango bure.

Mwaka wa 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi kando ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze. Muda si muda vikaibwa. Miaka mingi baadaye, picha hiyo ndiyo iliyovitambulisha, kimoja kikiwa katika jimbo la Illinois na kingine Hampton University, na vyote viwili vikarejeshwa. Cha Illinois kilikabidhiwa familia Juni 2007. Vigango 30 vilivyorudishwa na jumba la makumbusho la Denver mwaka wa 2019 havikuwa na picha ya namna hiyo. Vilirudi Kenya, lakini si kwa wenyewe, kwani majina ya waliosimikiwa hayakuwahi kuandikwa popote katika safari ya kuviuza.