Mbao Mbele ya Bomu: Somo kutoka Japani kwa Sisi wa Magogoni

Wanazuoni wenzangu, kila siku watu wanavuka na pantoni kati ya Magogoni na Kigamboni bila kuwaza kwamba wanakatiza mlango wa bandari nzima. Mzigo wetu, na wa Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, unapita kwenye mkondo huohuo mwembamba.

Wajerumani walijua thamani ya mlango huu. Agosti 1914 walizamisha hapo chelezo chao kinachoelea ili manowari za Kiingereza zisiingie. Novemba mwaka huohuo, kule Tanga, hofu peke yake ilifanya kazi. Nahodha wa manowari Fox alihofia kuwa bandari imetegwa mabomu, akataka ifagiliwe kwanza. Bandari haikuwa na bomu. Muda ule uliopotea ulimsaidia von Lettow-Vorbeck kuleta askari kwa reli kutoka Moshi, na Waingereza, waliokuja na watu kama 8,000, walipigwa na jeshi dogo sana kuliko lao.

Sasa fikiria nchi ambayo mabomu yake yapo kweli. Mwaka 1945 ndege za Marekani zilidondosha mabomu zaidi ya 12,000 kwenye bahari na milango ya bandari za Japani. Vita vikaisha, jeshi la majini likavunjwa, lakini meli za kufagia mabomu zikaendelea na kazi. Zisingeendelea, chakula kisingeingia.

Kazi yenyewe ikoje? Bomu la zamani huelea chini ya maji likiwa limefungwa mnyororo. Meli huburuta waya wenye visu, mnyororo unakatika, bomu linaibuka, linapigwa risasi. Hilo ni rahisi kiasi. Gumu ni lile linalolala chini na kusikilizia sumaku ya chuma. Meli ya chuma ikipita juu yake, imekwisha. Mengine husikiliza mlio wa injini, mengine huhisi mgandamizo wa maji.

Jibu la Wajapani kwa sumaku likawa mbao. Meli za aina ya Atada, za mwaka 1956, zilikuwa na tani 240 hivi na mwili wa mbao. Zikafuata Kasado, kisha Takami mwishoni mwa miaka ya 1960. Hapo mbinu ikabadilika: badala ya kuburuta waya tu, zikaanza kulitafuta bomu mojamoja kwa sauti inayopigwa majini na kurudi kama mwangwi, kisha wapiga mbizi wanashuka. Mwaka 1991 meli za mbao za Japani zilikwenda hadi Ghuba ya Uajemi, zikaondoa mabomu 34. Aina ya Hirashima, iliyoanza kazi mwaka 2008, ilikuwa bado ya mbao, tani 570. Ni mwaka 2012 tu, kwa meli ya Enoshima, ndipo walipohamia faiba.

Hebu tulitafakari hili. Nchi iliyokuwa ikitengeneza treni za kasi na kompyuta iliendelea kuunda meli za kivita za mbao kwa zaidi ya miaka 50. Huo haukuwa ushamba. Walianza na swali, bomu linahisi nini, ndipo wakachagua malighafi.

Sisi tunafanya kinyume. Tunaona mashua ya mbao pale Feri tunasema ni mambo ya kizamani, dawa yake boti ya faiba. Pengine ni kweli kwa mvuvi. Faiba haioti fangasi wala kuliwa na wadudu. Lakini uamuzi huo ufuate hesabu ya kazi, gharama na matengenezo, siyo aibu ya kuonekana tumepitwa na wakati. Ninyi wa uhandisi, fundi mashua anajua mbao gani inapinda bila kupasuka na ipi inavumilia maji ya chumvi. Nendeni na daftari mkamuulize kabla ujuzi huo haujazikwa naye.