KAMPUNI YA KOMPYUTA NA SERIKALI YA NCHI NGENI: MFANO WA IBM NCHINI INDIA

Kampuni inayofungua tawi ng'ambo huchukua vitu vitatu: mtaji, mitambo na maarifa. Mtaji waweza kurudishwa kwao na mitambo yaweza kuuzwa. Lakini maarifa yakishaingia vichwani mwa mafundi wenyeji hayarudishwi. Kanuni hii yaonekana wazi katika mgogoro wa IBM na serikali ya India.

Chanzo cha mgogoro

IBM, kampuni ya Marekani, ilianza kazi nchini India mwaka 1951. Baadaye ilileta kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, ikazitengeneza upya na kuzikodisha. Mpango huo uliipa kodi ya kila mwezi, lakini uliwafanya wateja waitegemee.

Mwaka 1973 Bunge la India lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Fedha za Kigeni. Kwa kawaida, kampuni za kigeni zilitakiwa kupunguza hisa zao hadi asilimia 40, zilizobaki zimilikiwe na Wahindi. IBM ilishikilia kumiliki tawi lake kwa asilimia 100. Mazungumzo hayakuzaa suluhu, na mwaka 1978 ikafunga shughuli zake.

Hatari kwa kampuni

Ilikuwa na njia mbili, na kila moja ilikuwa na gharama. Kama ingekubali, ingegawana mamlaka juu ya ujuzi wake, na serikali nyingine zingeweza kudai vivyo hivyo. Ilipokataa, ilipoteza soko, wateja na wafanyakazi iliokwisha kuwafundisha. ICL ya Uingereza ilichagua kugawana hisa, ikabaki.

Hatari kwa nchi

Serikali nayo ilijitia katika hatari. Kompyuta isiyo na fundi wala vipuri ni sanduku tupu, na ofisi nyingi ziliitegemea mitambo ya IBM. Hata hivyo shirika la umma la CMC lilikuwa limekwisha kuundwa, likachukua kazi ya kuitunza mitambo hiyo, likisaidiwa na mafundi waliotoka IBM. Kampuni za wenyeji nazo zilipata nafasi ya kukua.

Matokeo

IBM ilirudi India mwaka 1992, baada ya serikali kulegeza masharti ya uchumi mwaka 1991. Iliingia kwa ubia na kampuni ya Tata, kila upande ukiwa na nusu ya hisa. Hivyo kampuni iliyokataa kugawana ilirudi kwa kugawana, nayo serikali ilikuwa imeacha ukali wa awali. Mwenye kukaribisha mitambo ya wageni hana budi kwanza kuwaandaa mafundi wake.

Maswali

1. Kwa nini kukodisha mitambo huongeza utegemezi kuliko kuiuza?
2. Kama CMC isingalikuwapo mwaka 1978, nani angalipata hasara kubwa zaidi? Toa sababu.