Sharjere ya Jua: Namna Tuliitengeneza

Mambo ya telefone ya mlinzi mnayajua: wazazi wetu wanapiga ku ile. Trimestri iliyopita mama ya mwenzetu mmoja alilazwa, wakapiga siku mbili, telefone imezimika. Habari ilifika kwa miguu. Ndipo sisi watano wa mwaka wa mwisho tukasema: jua liko bure, tufanye kitu.

Kwanza tulikosa. Tulifunga pano ya 6 V moja kwa moja ku telefone. Wingu likipita, telefone inaacha kusharje. Jua likirudi, inaanza tena. Jioni tulikuwa karibu pale pale. Pano haiweki akiba, inatoa tu wakati jua linaiangaza. Basi lazima batri iwe katikati.

Batri tulitoa ndani ya ordinateri iliyokufa, kile kipande cha mviringo cha litiumu cha 3,7 V. Hapa sikilizeni vizuri. Litiumu ikipita 4,2 V inaharibika, inaweza hata kuwaka. Mmoja wetu (jina tunaliacha, anasoma hapa) aliifunga bila kikinga. Ilichemka mpaka hakuna aliyeweza kuishika, tukaitupa mchangani mbio mbio. Toka siku ile tunatia kidude kinachokata kura batri ikifika 4,2 V, na kingine kinachopandisha volti mpaka 5, sababu telefone inataka 5.

Batri nyingi za namna hii ziko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu, upande wa Kolwezi. Na sisi tunaitafuta katika takataka!

Sasa hesabu. Pano ni ya wati 3. Kwa saa 5 za jua kali: 3 × 5 = 15 Wh. Batri ya 2.500 mAh inashika 2,5 × 3,7 = 9,25 Wh, basi siku moja inatosha, hata kama nguvu ingine inapotea njiani. Telefone ndogo ya 1.000 mAh inataka 3,7 Wh: moja inajaa, ya pili inakaribia. Ile kubwa ya 5.000 mAh inataka 18,5 Wh. Msituletee hiyo, hata nusu haifiki.

Siku moja kura ilishuka sana, tukafungua waya zote bure. Kumbe ni jani la mwembe juu ya pano! Vipande vya pano vimefungwa kwa mstari, kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akisimama, maji hayafiki.

Sharjere iko kwa mlinzi toka Jumatatu. Mwenye zamu atoe pano peke yake ku jua, batri ibaki kivulini.