Fungua Koki Kabla ya Kufunga Karakana

Jioni, kabla hujafunga karakana, zima kompresa na uache presha kidogo tu ndani. Chuchumaa kando ya tangi, tega kopo, ulegeze koki ya chini polepole. Maji yakitoka ya rangi ya udongo, tangi limeanza kuliwa na kutu kwa ndani. Yakitoka meupe kama maziwa, yamechanganyika na oili. Yakiwa hivyo kwa wingi kila siku, shuku ringi za pistoni. Yakiisha, iache koki wazi hadi asubuhi.

Maji hayo hutoka hewani. Chukua kompresa inayovuta lita 300 kwa dakika, ikinguruma jumla ya saa nne kwa siku: imemeza mita 72 za ujazo za hewa. Siku ya mvua Kitale, yenye joto la digrii 20, kila mita ya ujazo hubeba kama gramu 15 za maji kwa hali ya mvuke. Ukiibana hewa hiyo hadi pauni 120 za kujazia tairi la lori, inabaki karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, na ikishapoa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 2. Zilizobaki hugeuka maji. Hiyo ni karibu lita moja kwa siku. Sehemu hutoroka kupitia mpira hewa ikiwa bado ya moto, nyingine hutulia chini ya tangi na kutafuna chuma. Mpaka rangi huyaona mapema, kwa malengelenge kwenye mlango wa gari aliotoka kuupaka. Fundi wa panchari hayaoni mpaka siku tangi litakapotoboka.

Likitoboka, usilichomelee kiraka. Nimeona tangi lenye viraka vitatu likiendelea kujazwa, na watoto wakicheza hatua chache kutoka hapo. Tundu moja la kutu ni ishara kwamba bati lote la chini limekonda, na tangi lililokonda likipasuka huua. Litupe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya hewa yakaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Mwite hata kama karakana yako ni ya mabati. Vali ya usalama nayo ivute pete yake mara moja kwa mwezi usikie ikipumua. Iliyoganda hubadilishwa, haizibwi kwa bolti.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Bungoma, iliyo chini kidogo, hupoteza kama asilimia 15. Pampu ile ile hukawia zaidi kujaza tangi, hivyo hufanya kazi muda mrefu na kupata joto zaidi. Basi usiiongezee mzigo kwa filta iliyoziba. Kuanzia Oktoba, mashine za kupukuchua mahindi zinapoanza kutimua vumbi Trans Nzoia, itazame filta kila wiki. Ya sponji ioshe kwa sabuni na uikaushe kabisa. Ya karatasi ikungʼute, na ikichakaa nunua mpya. Isogeze kompresa mbali na ukuta, upande wa puli upate nafasi, kwa sababu mabawa ya puli ndiyo feni inayopoza pampu.

Kuhusu oili nasisitiza: weka oili ya kompresa, namba 100 kwa pampu nyingi za pistoni, au ile iliyoandikwa na mtengenezaji. Oili ya injini ya gari huacha masizi kwenye vali. Kipimo kisome mashine ikiwa imezimwa, na oili ikigeuka nyeupe imwage hata kama siku zake hazijafika.

Mkanda ubonyeze kwa kidole gumba katikati. Ukizama kama sentimita moja, inatosha.

Sikiliza pia. Hewa ikitemwa nje kupitia filta, vali ya kuvutia imevunjika au imeshika uchafu. Mashine ikizima, mlio mfupi wa hewa kwenye swichi ya presha ni wa kawaida. Usipokoma, vali ya kuzuia hewa isirudi ndiyo mbovu. Usifungue chochote kabla ya kukata umeme na geji kusoma sufuri.

Jumamosi moja kila mwezi, jaza tangi, zima, kisha upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha mpira. Kaza panapotoka mapovu, halafu itazame geji kwa nusu saa. Mshale ukishuka, tafuta tena, ukianzia na koki ya chini.