Tangazo la Mtandaoni na Mtaji Mdogo: Namna ya Kupima Faida Yake

Somo hili limekusudiwa kwa wafanyabiashara wadogo wa viunga vya Dar es Salaam, hususan Manispaa za Kinondoni na Temeke: fundi cherehani wa Mbagala, seremala wa Keko, mwoka keki wa Tegeta, muuza vipodozi wa Mwananyamala na wengine wa aina yao. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kukokotoa gharama ya kumpata mteja mmoja kwa njia ya tangazo, kutambua tangazo linalomla mtaji, na kutangaza pasipo kukiuka haki za mlaji.

1. Kwa nini tupime?

Mfanyabiashara mdogo hana fungu maalumu la matangazo. Fedha anayoilipia tangazo ndiyo ile ile ambayo ingenunua kitambaa, mbao au unga wa ngano. Tangazo likikosa matunda, bidhaa hupungua dukani na deni huongezeka nyumbani. Hata hivyo, wengi huridhika wanapoona tangazo limetazamwa na maelfu ya watu na kupata alama nyingi za kupendwa. Alama hizo hazilipi kodi ya fremu. Kipimo cha kweli ni faida inayobaki baada ya kuondoa gharama zote.

2. Tangazo la bure na tangazo la kulipia

Yapo matangazo ya bure, kama vile stetasi ya WhatsApp, ambayo hudumu kwa saa 24. Kwa kawaida stetasi huonekana na wale tu ambao umehifadhi namba zao nao wamehifadhi yako. Kwa hiyo muuzaji asiyemwomba mteja ahifadhi namba yake hujitangazia mwenyewe. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, humwezesha muuzaji kupanga picha na bei za bidhaa zake mahali pamoja bila malipo.

Tangazo la kulipia, ambalo wengi huliita kubusti, hufanyika zaidi katika Facebook na Instagram. Bei yake hupangwa kwa mfumo wa mnada kati ya watangazaji wanaowania watazamaji wale wale. Mlipaji huchagua mambo matatu yenye uzito: kusudi la tangazo, eneo na watu watakaoliona. Akichagua kusudi la kuonekana na watu wengi, mtandao utamtafutia watazamaji. Akichagua kusudi la kupokea ujumbe, utamtafutia watu wenye mazoea ya kuandika. Akiacha eneo liwe Tanzania nzima, ataulizwa bei na watu wa Mwanza na Mbeya ambao pengine hana njia ya kuwafikishia mzigo.

3. Mfano wa hesabu

Tumchukue fundi wa Mbagala anayeshona na kuuza madera, naye hupata faida ya shilingi 7,000 kwa kila dera kabla ya gharama za tangazo. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu.

*Juma la kwanza.* Fundi alilipa shilingi 35,000. Tangazo lilienda mikoa yote, nalo halikutaja bei. Liliandikwa "bei njoo inbox". Lilitazamwa na watu 14,000, likapendwa mara 260, na watu 70 walimwandikia. Walionunua ni 6.

Faida ya madera: 6 × 7,000 = 42,000
Ondoa tangazo: 35,000
Ondoa bando: 5,000
Ondoa nauli ya bodaboda kwenda Bunju kwa mteja wa saba, aliyeagiza kisha hakupokea simu: 12,000
Matokeo: hasara ya shilingi 10,000

*Juma la pili.* Alilipa shilingi 20,000. Alichagua Mbagala, Chamazi, Mtoni na Tandika, akataja bei, aina ya kitambaa na mahali alipo. Tangazo lilitazamwa na watu 4,000, likapendwa mara 50, na watu 25 walimwandikia. Walionunua ni 7, na wote walikuja wenyewe kwa daladala au kwa miguu.

Faida ya madera: 7 × 7,000 = 49,000
Ondoa tangazo: 20,000
Ondoa bando: 5,000
Matokeo: faida ya shilingi 24,000

Gawanya gharama ya tangazo kwa idadi ya wanunuzi. Juma la kwanza kila mnunuzi alimgharimu fundi karibu shilingi 5,800. Juma la pili karibu shilingi 2,900. Kwa kuwa faida ya dera moja ni shilingi 7,000, gharama ya kumpata mnunuzi ikikaribia kiasi hicho fundi anafanya kazi ya bure. Kila mfanyabiashara aujue mpaka wake wa namna hii kabla ya kulipa.

4. Sababu za tofauti hiyo

Kwanza, ukaribu. Foleni na nauli huufanya mji kuwa mpana kuliko ramani yake. Mkazi wa Bunju hataivuka Dar es Salaam nzima kwa ajili ya dera moja, lakini huenda akafanya hivyo kwa ajili ya kabati la nguo. Kwa sababu hiyo seremala wa Keko anaweza kutangaza mbali zaidi kuliko fundi wa madera: faida ya kabati moja huweza kuubeba usafiri.

Pili, bei. Kuficha bei huvuta maswali mengi kutoka kwa wasio na uwezo wa kununua, na kuwafukuza wenye uwezo lakini wasiopenda kubembelezana.

Tatu, uaminifu. Walaji wengi wamewahi kutuma fedha kisha muuzaji akatoweka. Tangazo lenye jina la biashara, mtaa, alama ya karibu kama kituo cha daladala, na picha ya bidhaa halisi humwondolea mteja hofu hiyo.

5. Sheria inasemaje?

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Kuweka picha ya sofa la ughaibuni kisha kukabidhi lisilofanana nalo, au kubuni "bei ya zamani" ili punguzo lionekane kubwa, ni kumpotosha mlaji hata kama limefanyika katika simu ya mkononi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe na aeleze bidhaa yake. Aidha, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, omba ridhaa ya mteja kabla ya kutangaza kwa picha yake, wala usiigawe namba yake kwa wengine.

6. Tahadhari

Wasio na kadi ya malipo huwatumia watu wengine kuwalipia matangazo. Usimpe mtu huyo neno lako la siri, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Ukurasa uliojengwa kwa miaka unaweza kupotea kwa siku moja. Mwombe akuonyeshe matokeo ya tangazo lako mara linapokwisha. Usinunue wafuasi: wafuasi wa kununuliwa hawanunui bidhaa.

7. Zoezi

Kwa majuma manne, andika katika daftari: tarehe, fedha ya tangazo, bando, nauli, idadi ya walioandika, walionunua na faida. Kila mnunuzi mwulize, "Umetufahamu kupitia wapi?" Anayejibu kuwa ameelekezwa na jirani asihesabiwe kuwa tunda la tangazo. Mteja aliyeletwa na tangazo akirudi kununua tena, mwandike katika safu yake, kwa kuwa safari hii hakukugharimu tangazo. Usilinganishe juma la kuelekea Idi au la mwisho wa mwezi na juma la kawaida; ongezeko la mauzo huenda limeletwa na msimu.

Majuma manne yakitimia, jibu maswali haya:

(a) Kila mnunuzi alikugharimu shilingi ngapi?
(b) Je, kiasi hicho ni pungufu ya faida ya bidhaa moja?
(c) Ni wangapi walirudi?

Ikiwa jibu la (b) ni hapana, na waliorudi ni wachache, badilisha eneo, bei iliyotajwa au picha, kitu kimoja kwa wakati mmoja ili ujue kilichosaidia. Pima tena kwa fedha kidogo. Hasara ikiendelea, simamisha malipo, na fedha hiyo irudi katika bidhaa.