KUITIA SUBARU TABO KUBWA ZAIDI

Mhariri ameniomba nieleze jambo ambalo wenzangu huniuliza kila ninaporudi kutoka likizo, maana wanajua kwamba likizo zangu huzimaliza katika gereji ya mjomba wangu mjini Kampala. Jambo lenyewe ni hili: mtu mwenye Subaru Impreza WRX akitaka iende kwa nguvu zaidi, je, yatosha kuing'oa tabo iliyokuja nayo na kutia iliyo kubwa? Jibu fupi ni kwamba haitoshi. Jibu refu lahitaji fizikia kidogo, nalo ndilo nitakaloandika, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili wana magari hayo na wana fedha mkononi.

Tabo ni pampu ya hewa. Ina feni mbili ndogo zilizokaa juu ya shafti moja. Moshi utokao katika injini, badala ya kwenda bure katika ekzosi, huipiga feni ya kwanza na kuizungusha. Feni ya pili, kwa kuwa imefungwa katika shafti ile ile, huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Aliyeandikisha uvumbuzi huu mwaka 1905 alikuwa Mswisi, Alfred Büchi. Ukiitazama mezani haitishi, waweza kuibeba kwa mkono mmoja. Lakini ikiwa kazini, shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoipiga waweza kufika joto la digrii 800 au 900 za Sentigredi. Katika tabo nyingi shafti hiyo haikai juu ya gololi, bali huelea katika utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana kwa nukta chache tu, shafti hugusa chuma, na hapo kazi imekwisha.

Kwetu sisi tukaao nyanda za juu tabo ina faida ambayo watu wa pwani hawaioni sana. Kampala iko kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni kama asilimia 87 tu ya ule wa Mombasa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, ni kama asilimia 82. Injini isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, kwa maana hewa ni haba katika kila pumzi. Yale mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalipanda milima mingi namna hiyo. Nazo Toyota Celica zenye tabo zikayashinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Sisemi tabo peke yake ndiyo iliyoshinda, maana gari lisilo imara halimalizi Safari hata likiwa na nguvu za treni.

Basi tupige hesabu. Injini ya WRX tunayoisema ina ujazo wa karibu lita 2. Silinda hujaa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na tukichukulia kwamba silinda zajaa kabisa, yameza lita 6,000 za hewa kwa dakika, au lita 100 kwa nukta. Katika hewa ya Kampala hizo ni kama gramu 103. Sasa tabo ikiongeza mgandamizo wa ba 1, na hewa ikapozwa vizuri kabla ya kuingia, gramu zapata kuwa 200 na zaidi, kwa nukta ile ile moja. Petroli nayo hapana budi iongezeke. Injini yenye tabo ikikanyagwa mpaka mwisho yataka kama gramu 1 ya petroli kwa kila gramu 11 au 12 za hewa, nayo ni karibu lita moja na nusu kwa dakika. Shika hesabu hiyo, maana ndipo taabu yote ilipo. Tabo kubwa huleta hewa nyingi. Lakini je, pampu ya petroli yaweza? Nozeli zaweza? Kompyuta ya gari yajua kwamba hewa imeongezeka?

Zikishindwa, petroli huwa haba katika silinda na joto hupanda kupita kiasi. Mchanganyiko wa hewa na petroli, badala ya kuwaka taratibu kuanzia kwenye plagi, hulipuka wenyewe kwa mara moja. Mafundi husema injini inagonga, na kweli hugonga, kama mtu anayepiga pistoni kwa nyundo mara nyingi kila nukta. Pistoni za kawaida za Subaru huvunjika kwenye kingo zile zinazoshika ringi. Jambo jingine: petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani kwa kawaida ni kama oktani 100, na magari mengi tuliyonayo yalitengenezwa kwa ajili ya petroli hiyo. Ya vituo vyetu vya kawaida haifiki hapo. Kwa hiyo gari huweza kuwa karibu na hatari hata kabla hujaligusa kwa spana.

Likizo iliyopita alikuja gereji mwanafunzi wa zamani wa shule moja jirani, kijana mwenye kazi nzuri, na tabo kubwa katika sanduku juu ya kiti cha nyuma. Ilikuwa imetumika kidogo, aliinunua mjini.

"Mzee, nifungie tu leo," akamwambia mjomba, "Jumamosi nina safari ya Mbarara."

Mjomba akaishika shafti kwa vidole akaitikisa juu na chini. Ilicheza kidogo sana. Hiyo haina neno, kwa kuwa nafasi hiyo ndiyo ya oili. Kisha akaisukuma ndani na kuivuta nje. Ikacheza tena. Akairudisha katika sanduku. "Hii mrudishie aliyekuuzia, kijana wangu. Na hata ungeleta mpya, kwanza nitapima kompresheni."

Kijana alikasirika, lakini akakubali. Silinda tatu zilikuwa karibu sawa. Ya nne ilikuwa chini kwa karibu robo. Mafundi wengi wa Subaru huanza kuitilia shaka hiyo hiyo ya nne, sijui wengine. Akaondoka bila kuaga. Baada ya majuma matatu alirudi kwa miguu akasema injini ifunguliwe. Pistoni ya silinda ya nne ilikuwa na ufa kwenye ukingo wa ringi, ufa ambao kwa tabo ya kawaida ulikuwa bado unavumilia. Kama angeondoka Jumamosi ile na tabo kubwa, nadhani tungemfuata na kamba njiani.

Orodha ya vitu alivyonunua baadaye nimeiona kwa macho yangu: pistoni nne za chuma cha kufuliwa, beringi na gaskiti zote, pampu ya petroli iliyo kubwa, nozeli, klachi, ekzosi pana, kisha tabo, na mwisho malipo ya kuipanga upya kompyuta. Tabo, ile iliyoanzisha mambo yote, ilikuwa chini ya sehemu ya tano ya fedha hizo. Alilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano, na miezi hiyo yote alipanda teksi kwenda kazini.

Kufunga kwenyewe si kugumu kama watu wanavyofikiri. Katika Impreza tabo iko nyuma ya injini upande wa kulia, na juu ya injini kimekaa kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Kile kidomo kilicho juu ya boneti hukipelekea upepo. Kazi yake ni kubwa, maana hewa ikishindiliwa hupata moto. Ikiongezwa ba 1 hutoka katika tabo ikiwa na zaidi ya digrii 100. Kipoza hutoka upesi. Taabu iko kwenye nati za ekzosi, zilizochomwa moto na kupata kutu miaka mingi. Usiku wa kuamkia kazi zimwagie mafuta ya kulegeza kutu, nawe usitumie nguvu ya hasira, maana bolti ikikatika ndani utapoteza siku nzima. Tia gaskiti mpya kila mahali. Tazama na bomba la oili liendalo kwenye tabo: katika baadhi ya injini za Subaru kuna kichujio kidogo mno ndani ya bolti yake, nacho kikiziba huua tabo mpya kwa siku chache. Wako watu walioua tabo mbili mfululizo wakilaumu kiwanda, kumbe ni kichujio kisichozidi ncha ya kidole.

Kabla ya kuwasha, mimina oili safi katika tundu la tabo na kuizungusha kwa kidole. Kisha zuia petroli na moto wa plagi, piga stata mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo uwashe, uiache injini inguruma polepole, na utazame kwa tochi kama kuna mahali panapovuja. Baada ya hapo gari lisikimbizwe hata kidogo mpaka kompyuta ipangwe na mtu ajuaye, mwenye chombo cha kupima mchanganyiko katika ekzosi. Si kazi ya rafiki mwenye kompyuta ndogo na waya. Na huyo ajuaye aipange kwa petroli ile ile utakayoinunua kila siku, si kwa ile utakayoitia siku za sikukuu. Akumbuke pia kimo cha mahali: geji huonyesha kiasi kilichozidi hewa ya nje, basi ili kuonyesha ba 1 ile ile, tabo ya Kampala hupaswa kuishindilia hewa kwa uwiano mkubwa kuliko ya Mombasa, na kuzunguka kwa kasi zaidi.

Sasa, kuishi nayo. Wengi hawajui kwamba gari lenye tabo kubwa ni zito mjini kuliko lilivyokuwa. Feni kubwa huchelewa kushika kasi. Tabo ya kwanza ya WRX huanza kusukuma vizuri injini ikikaribia mizunguko 3,000. Iliyo kubwa huenda isubiri mpaka 4,000. Katika foleni ya Jinja Road hufiki 4,000, basi umelipa fedha nyingi ili upitwe na matatu. Kisha siku unapotaka kulipita lori katika barabara ya Masaka, unakanyaga na hapana kitu, wahesabu moja, mbili, halafu nguvu yote yaja kwa mara moja wakati gari la mbele limekwisha karibia. Dereva hujifunza kurudisha gia kwanza, kabla ya kutoka nyuma ya lori. Asiyejifunza hilo, breki na matairi yake na yawe mazuri. Kwa maoni yangu hivyo viwili vingenunuliwa kabla ya tabo, lakini sijamwona mteja hata mmoja afanyaye hivyo. Breki hazina sauti ya kusikilizwa na marafiki.

Asubuhi usilikanyage gari mpaka oili ipate moto, nayo hukawia kuliko maji, kwa hiyo geji ya maji yaweza kukudanganya. Ukirudi nyumbani, endesha polepole kilomita mbili za mwisho. Hiyo yafaa kuliko kuja mbio mpaka mlangoni kisha kuliacha likinguruma uani. Injini ikizimwa ghafula na tabo ikali moto, oili iliyobaki ndani huungua na kuwa makaa yanayoziba njia. Oili ya mjomba hubadilishwa kila kilomita 5,000, nayo hupimwa kila gari linapotiwa petroli, maana injini hizi hula oili zikikimbizwa. Sikiliza na mluzi wa tabo. Mluzi wa kila siku hauna neno, ila ukibadilika na kuwa kilio, au moshi wa samawati ukaonekana nyuma, usingoje mwisho wa mwezi.

Yule kijana sasa analiendesha gari lake, nalo ni zuri kweli. Alinipandisha mara moja mpaka Entebbe. Tabo yake ya kwanza alimwachia mjomba, na mjomba akanipa niilete shuleni. Nimeikata upande mmoja kwa msumeno ili feni zote mbili zionekane, nayo imewekwa katika maabara ya fizikia, kabati la pili. Atakaye kuizungusha amwombe ufunguo mwalimu wa zamu, ila asiipulizie hewa ya kompresa, maana imekatwa na haina oili.