Kuandaa Ombi la Masomo ya Sera za Umma: Somo kwa Vijana na Viongozi Waliohama

Jioni moja kijana mmoja aliniletea barua yake ya kuomba nafasi chuoni. Alikuwa na lisansi ya sheria, na kwa miaka miwili alikuwa karani wa kamati ya kambi karibu na Goma. Barua ilianza hivi: «Tangu utoto wangu ninapenda amani na maendeleo ya nchi yangu.» Nilisoma kurasa mbili nzima bila kuona neno moja juu ya kambi. Nilipomwuliza sababu, alijibu: «Ile si kazi, mwalimu. Sikulipwa.»

Somo letu la leo linaanzia hapo.

Kwanza tuelewane juu ya masomo yenyewe. Sera za umma ni yale ambayo Serikali inaamua kufanya au kuacha kufanya, na namna inavyoyatekeleza. Mfano uko mlangoni petu. Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ya Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyosema. Watoto walijaa madarasani. Lakini walimu wengi hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Waliishi kwa mchango wa wazazi. Nani awalipe? Kwa pesa gani? Waanze na nani? Anayesoma sera za umma hujifunza kujibu maswali ya namna hiyo kwa hesabu, kwa sheria na kwa kusikiliza watu.

Basi yule karani alikuwa na mali mkononi. Chevening, udhamini wa Serikali ya Uingereza ulioanzishwa mwaka 1983, ambao Wakongomani nao huomba, unadai saa 2,800 za kazi, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Anayehudumu saa 20 kwa juma anazifikisha katika majuma 140. Kwa hiyo andikeni saa zenu katika daftari, na mwenyekiti wa kamati atie sahihi kila mwezi. Masharti huweza kubadilika, kwa hiyo msome tangazo la mwaka wenyewe, si karatasi ya mwaka jana.

Tulikaa tena na barua. Nilimwomba anieleze siku moja ngumu kambini. Alisimulia habari ya orodha ya chakula: wajane na waliofika karibuni hawakuandikwa, na watu walikaribia kupigana. Yeye na mama wawili walipita kibanda kwa kibanda, wakasoma majina kwa sauti mbele ya wote, wakasahihisha. Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba waliokaa katika nyumba za jamaa mjini hawakuweza kuwaingiza kamwe, kwa sababu hakuna aliyewahesabu. Nikamwambia: «Andika hilo.» Kwa kweli katika Kongo watu wengi waliohama hupokelewa katika familia, si kambini. Kwa nini msaada unawapita? Hilo ni swali la sera, naye ana haki ya kuliuliza. Barua yake mpya ilianza na ile orodha, ikakiri alichoshindwa, ikasema anataka kujifunza nini ili asishindwe tena.

Angalieni kwamba hakuuza machozi yake. Wanaosoma maombi wanaheshimu maumivu, lakini wanachagua mtu kwa fikra na kazi yake. Jambo lingine: barua husafiri na kupita mikono mingi. Usitaje majina ya majirani, wala ya kundi lenye silaha, kama kutaja huko kunaweza kumletea mtu hatari.

Alama zetu nazo zinahitaji maelezo. Katika mpango wa zamani wa vyuo vya Kongo satisfaksio ilianza kwa 50%, distinksio kwa 70%, distinksio kubwa kwa 80%. Msomaji wa mbali akiona 66% anaweza kudhani wewe ni mvivu, kumbe pengine ulikuwa wa pili katika darasa lako. Omba chuo kiandike kipimo hicho na nafasi yako darasani. Tena neno lisansi lina maana mbili siku hizi: katika mpango wa zamani ni miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi, jumla 5, katika mpango mpya wa LMD, ulioenea tangu mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka 3. Eleza ni ipi uliyo nayo, usije ukapoteza miaka miwili bure.

Karatasi zikipotea? Wengi walipoteza zao Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na wengine kambi za kandokando ya Goma zilipoachwa Februari 2025. Anza na chuo chako kuomba nakala, kwani jambo hilo huchukua miezi. Aliyebaki nazo azipige picha leo, azitume kwa anwani yake mwenyewe ya barua pepe.

Anayekushuhudia asiwe mkubwa tu, awe amekuona ukifanya kazi. «Ni kijana mwenye tabia njema» haisaidii. Mpe mambo matatu aliyoyashuhudia, kwa maandishi, mwezi mmoja kabla.

Uingereza si mlango pekee. Kuna Willy Brandt School huko Erfurt, Ujerumani, inayofundisha kwa Kiingereza, na Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika kina taasisi ya utawala huko Soa, karibu na Yaoundé. Chevening haidai pesa ya kuomba. Anayekudai dola ili «akupitishe» ni mwizi.

Na nyumbani mzungumze mapema. Anayechukua Chevening anaahidi kurudi nchini kwake kwa miaka 2. Mama atabaki na watoto wa nani? Pesa ya mtihani wa Kiingereza itatoka katika mbuzi yupi? Yule karani alingoja mwaka mmoja kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa, na sikumlaumu.

Zoezi la kikundi: kila mmoja aandike mistari kumi juu ya shida moja ya watu aliyojaribu kuitatua, na pale aliposhindwa. Mpeane daftari. Jirani yako apige mstari chini ya kila sentensi ambayo mtu mwingine yeyote angeweza kuiandika.